Mzee aliyesahau yote: juu ya andiko «Uzee: wakati wetu ujao»

Andiko la Akademi ya Kipapa kwa ajili ya Maisha juu ya hali ya wazee kisha ugonjwa wa korona lina tarehe ya 2 Februari 2021, sikukuu ya Bwana kutolewa Hekaluni. Kichwa chake ni hiki: «Uzee: wakati wetu ujao». Katika mwaka ule ule Baba Mtakatifu Fransisko aliweka Siku ya Mababu na Wazee, Dominika ya nne ya mwezi wa Julai. Wasomaji wengine watasema: hayo ni mambo ya Ulaya, kule wanakoweka wazee katika nyumba za mbali. Twawaomba wasihukumu mbele ya kusoma. Tulipime andiko hili pamoja, tushike lililo jema, tuonyeshe na lililopunguka.

Jema lake ni kubwa. Andiko laanza na msiba: wakati wa korona wazee wengi wa Ulaya walikufa katika nyumba za wazee, mbali na watoto wao. Kwa hiyo lataka mzee asaidiwe nyumbani mwake kadiri inavyowezekana, na parokia isimsahau. Lafundisha pia kwamba udhaifu wa mzee unawaonyesha vijana ukweli huu: hakuna mtu anayeishi bila kumtegemea mwenzake. Maneno hayo ni ya Injili kabisa, nasi twayasifu.

Lakini twaona upungufu mara mbili.

Wa kwanza ni huu: walioandika wanatazama zaidi nchi zenye nyumba za wazee. Kwetu nyumba hizo ni chache sana. Mzee anakaa na watoto ao wajukuu. Basi sisi Waafrika twajisifu upesi kwamba twaheshimu wazee. Je, kukaa chini ya paa moja ni sawasawa na kupendwa? Mzee anaweza kuachwa peke yake ndani ya nyumba yenye watu kumi.

Upungufu wa pili ndio mzito. Andiko lamsifu mzee kama kumbukumbu la watu na mzizi wa vijana. Ndivyo tunavyosema hata sisi. Mwaka 1960, mbele ya UNESCO, Amadou Hampâté Bâ wa Mali alilinganisha mzee na maktaba. Vema, lakini tutasema nini juu ya mzee ambaye maktaba yake imekwisha kuungua, naye angali hai? Simeoni na Anna, ambao andiko lawashika kama mfano, walimtambua Mtoto Yezu. Mzee tunayemfikiri hamtambui hata mtoto aliyemzaa. Kama heshima ya mzee inasimama juu ya hekima na kumbukumbu, basi siku zinapopotea heshima nayo yaanguka.

Wagonjwa hao si wachache. Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu milioni 57 walikuwa na ugonjwa huu, ambao wanganga wauita demensia. Aina yake inayoonekana zaidi ni ile ya Alzheimer. Zaidi ya 60 kwa mia wanaishi katika nchi zenye mapato madogo ao ya katikati. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu.

Tena kwetu una hatari ambayo andiko halikuifikiri. Mgonjwa anatoka usiku, anatembea bila nguo, anasema na marehemu, anamshitaki mke wa mwana wake kwamba ameiba franka zake. Jirani wakiona hayo wanasema: ni mlozi. Dalili zenyewe za ugonjwa zinageuka ushuhuda wa kumhukumu. Katika Congo-Brazzaville uchunguzi uitwao EPIDEMCA-FU ulionyesha jinsi wagonjwa wa namna hii wanavyofikishwa mbele ya baraza la mila. Na katika Kivu ya Kusini, mwezi wa Septemba 2021, wanawake waliuawa, wengine kwa moto, kwa sababu walishitakiwa ulozi. Hatusemi kwamba wale walikuwa na ugonjwa huu. Twasema tu kwamba mahali watu wanapoua kwa neno hilo, mama mzee aliyepotewa na akili hana mtetezi, isipokuwa padri na katekista wake wafungue kinywa.

Watafungua kinywa na kusema nini? Mafundisho tunayo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zikimpunguka. Alama ya Ubatizo inatiwa rohoni, wala kusahau hakuwezi kuifuta. Mtakatifu Tomaso (Summa, III, q. 80, a. 9) afundisha kwamba aliyepotewa na akili, kama zamani alionyesha ibada kwa Ekaristi, asinyimwe saa ya kufa, isipokuwa kuna hofu ya kutapika ao kutema. Na Sheria ya Kanisa, kanoni 1006, yataka Mpako wa Wagonjwa upewe hata yule aliyeuomba kwa namna fulani tu alipokuwa na akili zake. Mzee aliyesali rozari miaka 50 amekwisha kuomba. Tusingojee akumbuke jina letu ndipo tumpelekee Bwana.

Kazi nyingine ni ya kila siku. Kwanza mgonjwa apelekwe lopitali, kwa maana malaria ao upungufu wa maji mwilini unaweza pia kuvuruga akili ya mzee, na hayo yanatibiwa. Pili, watu wafundishwe kulinda ubongo mbele ya uzee. Mwaka 2024 wataalamu wa gazeti la Lancet walihesabu sababu 14 tunazoweza kupigana nazo, kama vile damu kupanda, sukari, tumbako, pombe nyingi, uziwi usiotunzwa, kukosa masomo na upweke. Wakasema kwamba karibu nusu ya ugonjwa ingeweza kuzuiwa ao kukawizwa. Anayehubiri juu ya lutuku na kanyanga, ahubiri na hayo. Tatu, tumkumbuke binti ao mke wa mwana anayekesha na mgonjwa. Walejio wakienda kumtembelea mzee, mmoja akae naye jioni nzima, ili yule mama apate kulala ao kufika kwenye Misa.

Andiko hili lastahili kusomwa katika seminari zetu. Walakini lina sura moja isiyoandikwa, ile ya mzee asiye na hekima ya kutupa tena. Kuiandika ni kazi yetu sisi wa huku, na wa kwanza kuisoma watakuwa jirani wanaotutazama tunapoingia nyumbani mwake.