Sifa za Kusoma Logi kwa Mbali

Kusoma logi za seva ya Windows kutoka kwenye kompyuta ya Linux ni kazi isiyo na mashabiki wengi, nami naihesabu miongoni mwa kazi safi kabisa za ufundi huu. Uzuri wake umo katika lile linalolalamikiwa: mifumo hii miwili haifanani. Tangu Vista na Server 2008, Windows huandika matukio katika faili za EVTX, na maneno yake hukaa kwa baiti mbilimbili kila herufi, hata ukilitafuta jina kwa grep ya kawaida hulioni ingawa limo. Saa nazo zinatofautiana. Windows huhesabu vipande vya nanosekunde 100 tangu Januari 1, 1601. Linux huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Fundi hawezi kuhamisha asichokielewa, kwa hiyo hulazimika kujua kila sehemu ya tukio inasema nini. Chukua tukio namba 4625, jaribio la kuingia lililoshindwa. Msimbo 0xC0000064 maana yake jina la mtumiaji halipo. 0xC000006A maana yake jina lipo, nywila ndiyo si sahihi. Ni alama moja tu ya mwisho, lakini inamtenga anayebahatisha majina na yule ambaye jina ameshalipata.

Wapo watakaouliza, na kwa haki, kwa nini tuhangaike ilhali Windows ina Event Viewer yake na njia yake ya kukusanya matukio. Jibu langu ni kwamba mlinzi hafai kutegemea funguo zilezile za nyumba anayoilinda. Aliyenyakua mamlaka ya msimamizi wa domeni anaweza kufuta logi ya usalama. Tukio namba 1102 litabaki likisema logi imefutwa, lisiseme kilichopotea. Hata bila mvamizi, logi hiyo kwa kawaida huwekewa kikomo cha megabaiti 20, kisha mapya huandikwa juu ya ya zamani. Nakala iliyokwisha kufika kwenye Linux iliyo nje ya domeni, yenye akaunti zake yenyewe, haiguswi na hayo.

Pingamizi zito zaidi ni la njia. Syslog, aliyoibuni Eric Allman katika miaka ya 1980 kwa ajili ya Sendmail, ilizoea kusafiri kwa UDP, ambayo hupoteza ujumbe bila kumwarifu yeyote. Na muundo wake wa zamani ulikomea baiti 1,024, wakati tukio la Windows mara nyingi huzidi hapo. Hili nalikubali lote, na ndiyo sababu fundi makini hutuma kwa TCP yenye usimbaji, sehemu za tukio zikiwa na majina yake. Kisha hukagua namba za rekodi, maana Windows huzipanga mfululizo katika kila logi. Kama logi nzima inatumwa bila kuchujwa, na baada ya 88214 ikafika 88217, anajua ni rekodi zipi mbili azidai kwa seva kabla hazijafunikwa.