Fundi wa Betri Mbili

Nyuma ya steji ya Kitale yuko mzee mmoja, fundi wa waya za magari, ambaye nikimkuta kazini nasahau nilikokuwa nikienda. Juzi alikuwa akifunga betri ya pili kwenye matatu ya Bungoma. Ya kwanza ni ya kuwasha injini, ya pili ni ya muziki na taa za urembo. Yeyote mwenye spana anaweza kuzipachika. Ustadi uko katika kuzizuia zisinyang'anyane. Injini ikinguruma, rilei inaziunganisha na zote mbili zinakula kutoka kwa alternata. Injini ikizimwa, rilei inaachia, na muziki hauna ruhusa ya kugusa akiba ya kuwashia gari.

Nilimwona akibana kichwa cha shaba kwenye ncha ya waya, akakivuta kwa nguvu zake zote, akakitazama, kisha akakikata na kuanza upya. Mimi sikuwa nimeona kosa lolote. Waya ule una betri kila mwisho, kwa hiyo moto unaweza kutoka pande zote mbili. Akaweka fyuzi mbili, kila moja ikiwa jirani kabisa na betri yake. Palipopita waya kwenye tundu la bati, alikata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, akakizungusha hapo ili bati lisiutafune. Halafu akatoa uzi uliopakwa nta, akafunga mafundo kila baada ya shubiri moja, yote yakielekea upande mmoja. Na waya huo utafunikwa na zulia! Hakuna abiria atakayeuona maisha yake yote.

Miaka mingi iliyopita nilipanda gari la usiku kutoka Bungoma. Tulipofika Kamukuywa dereva alizima injini angoje abiria, muziki ukiendelea. Alipotaka kuondoka, gari lilitoa mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Tulishuka gizani tukasukuma, pamoja nasi mama aliyebeba mtoto mgongoni. Baadaye niliambiwa betri zote mbili zilikuwa zimefungwa pamoja moja kwa moja, zikakauka pamoja.

Mfaransa Gaston Planté aliunda betri ya risasi na asidi mwaka 1859, na tabia yake ni ile ile: ukiikamua mara kwa mara hadi mwisho, inakufa mapema. Ikishiba na kutulia husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12 imebakiza kidogo sana. Mzee huipima kila betri kabla hajaigusa. Vijana waliowahi kujifunza kwake walichoka na mafundo ya uzi, wakaenda zao.

Siku ile alimaliza, akawasha injini, akapima: 14.2 kwa moja, 14.1 kwa nyingine. Akatabasamu peke yake. Nyuma yetu lilikuwa limekwisha kuegeshwa gari jingine, utingo wake ameshika betri kwapani na teipu nyeusi mkononi. Rilei hakuitaka. Alitaka muziki ulie kabla magari ya jioni hayajajaa.