Sikio la Fundi na Mota Isiyonguruma

Fungua injini ya pikipiki ya SanLG au Toyo iliyochakaa katika kibanda chochote cha mafundi pale Mwanga, Kigoma, utakutana na akili ya Wajapani wa mwaka 1976. Mwaka huo Honda walitoa CG125. Wahandisi wake walikuwa wamekwenda kwanza kuangalia pikipiki zinavyoteseka katika nchi ambako mtu huipakia mpaka tairi libonyee, hubadilisha oili akikumbuka, na chujio la hewa hulisafisha siku injini ikigoma. Waliporudi wakafanya jambo lililokwenda kinyume na mtindo wa kampuni yao wenyewe. Kamshafti, ambayo katika pikipiki zao nyingine ilikaa juu kwenye silinda, wakaishusha chini jirani na krenki na kuiendesha kwa gia. Valvu zikawa zinasukumwa na vijiti viwili virefu, na kinundu kimoja tu cha kamshafti kikazihudumia zote mbili. Hapakuwa na cheni ya taimingi ya kulegea. Cheni ya nyuma wakaifunika bati zima ili vumbi lisiile.

Viwanda vya China viliinakili injini hiyo miaka nenda miaka rudi, na nakala hizo ndizo zilizopanda vilima vyetu na madumu ya mawese ubavuni, zikashuka mwalo wa Kibirizi kufuata magunia ya dagaa. Siku hizi Boxer na TVS ndizo zimejaa barabarani, nazo zina cheni ya taimingi, lakini mafundi wengi wa makamo walijifunzia kwenye injini za vijiti.

Napenda kukaa kwenye mabenchi yao, na kazi ninayopenda zaidi kuitazama ni kuseti tapeti, yaani kurekebisha nafasi ndogo iliyo kati ya valvu na roka inayoisukuma. Ni kazi ndogo, malipo yake ni madogo, na ndiyo inayoonyesha fundi ni nani.

"Fundi, inagonga," mteja anasema hata stendi hajashusha.

"Washa tuisikie, kaka."

Fundi anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye kifuniko cha juu cha injini, mpini anaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Mlio mkavu wa haraka huko juu ni tapeti. Mlio mzito wa chini ni beringi ya krenki, na hayo ni mazungumzo mengine, ya hela nyingine. Ikiwa ni tapeti, anaizima na kuiacha. Mteja anaanza kulalamika kwamba ana abiria anamsubiri stesheni; fundi anamtuma dogo chai. Nafasi ya tapeti kwenye CG ni milimita 0.08, na hupimwa injini ikiwa baridi, kwa sababu chuma chenye moto kinadanganya.

Ikishapoa, anafungua kifuniko cha kushoto na kuzungusha magneto polepole mpaka alama ya T ikae mkabala na mwenzake. Hapo hagusi kitu bado. Anatikisa roka zote mbili kwa vidole kuona kama zimelegea, maana alama hiyo hiyo huja tena pistoni inapotoa moshi, na ukiseti hapo umeharibu kazi. Kisha anapitisha kibamba chembamba cha kupimia, ambacho kinatakiwa kipite kwa kukwama kidogo. Ugumu wenyewe uko mwisho: kukaza nati huku umeizuia skrubu isizunguke nayo. Mkono mmoja unakaza, mwingine unapinga. Wanagenzi wengi hushindwa hapo, wakadhani wamemaliza kumbe nafasi imekimbia. Mzoefu akishakaza hupima tena, kila mara, hata kama ameifanya kazi hiyo tangu pikipiki hizo zifike.

Jambo moja wateja hulielewa kichwa chini miguu juu. Tapeti iliyolegea inakupigia kelele lakini Ujiji unafika. Iliyobana imenyamaza, mwenye pikipiki anashukuru, huku valvu haikai sawasawa, inavujisha moto na kuungua taratibu. Ndiyo maana fundi mwenye heshima zake huacha mlio kidogo, na akiulizwa hujibu kwamba injini iliyonyamaza kabisa yeye haiamini.

Sasa inakuja pikipiki ya umeme, ambayo kunyamaza ndiyo hali yake. Honda walitangaza Septemba 2022 kwamba katika miaka ya 2040 pikipiki zao zote zitakuwa zimeacha kuongeza kaboni hewani. Kwenye umeme hawaanzi leo. Mwaka 1994 walikuwa na skuta ya umeme, CUV ES, iliyotoka kwa idadi ndogo. Novemba 2024 waliizindua Activa ya umeme nchini India, yenye betri mbili za kuchomoa na kubadilishana. TVS waliwatangulia huko India kwa iQube ya mwaka 2020. Upande wetu wa Afrika wakongwe wamepitwa na vijana: Ampersand, kampuni ya pikipiki za umeme, ilianza biashara Kigali mwaka 2019, na Roam ya Nairobi, iliyozaliwa 2017 kwa jina la Opibus, ilianza kwa kugeuza magari ya safari kuwa ya umeme kabla ya kuunda pikipiki yake.

Mtu anaweza kucheka akisikia habari hizi Kigoma, mji uliowashwa miaka mingi kwa majenereta ya dizeli. Asicheke haraka. Wavuvi wa dagaa wameshahama kutoka karabai la mafuta ya taa kwenda kwenye taa za LED na betri. Na bandarini kuna Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa 1916 na wahandisi walioipaka mitambo grisi nene kwanza, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, na katika miaka ya 1970 ikavuliwa mtambo wa mvuke na kufungwa dizeli. Kubadilisha moyo wa chombo na kubakiza mwili ni kazi ambayo ufuko huu unaijua.

Kinachonitia moyo ni kwamba pikipiki ya umeme nayo inasomeka kwa mkono. Chukua ile ambayo mota yake imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Inatoka na waya tatu nene, mara nyingi kijani, njano na buluu, kwenda kwenye kontrola. Gurudumu likiwa zito kuzungushwa, fundi huchomoa waya hizo tatu, huhakikisha hazigusani, na kulizungusha tena. Likiwa jepesi, ugonjwa uko kwenye kontrola. Likibaki zito lenye kukwamakwama, waya za ndani ya mota zimeungua na kugusana, na hapo anaitwa fundi wa kuwaindi mota. Kisha huziunganisha zile tatu pamoja kwa makusudi na kuzungusha: mota nzima hukataa, inapinga kiganja kwa mpigo ulio sawa. Mpigo ukiwa na pengo, ujue kuna waya iliyokatika. Betri haihitajiki, mita haihitajiki. Na sikio halijafukuzwa kazi, kwani beringi ya mota iliyoingia maji hulia pale pale kwenye mpini wa bisibisi.

Ninachokihofia ni betri. Nyingi ni za volti 72, na hizo si za kuchezea kwa bisibisi kama ile ya volti 12 tuliyoizoea; cheche yake inaunguza. Lakini hatari ni sababu ya kufundisha, na naona wengine wanaigeuza kuwa sababu ya kufunga: kasha limegundishwa, kontrola ina programu yenye nywila, kipuri kinauzwa kizima au hakiuzwi. CG125 ilifika mbali kwa sababu walioiunda walikubali kwamba atakayeihudumia yuko mbali na kiwanda, ana spana chache na mteja mwenye haraka. Pikipiki ya umeme isiyomtambua mtu huyo, kwangu mimi, ni duni kuliko SanLG ya mitumba, hata iwe na kioo cha rangi ngapi.

Kwa hiyo wenye kampuni mnaojiandaa kuzileta Kigoma, kabla ya kukodi ukumbi wa uzinduzi pitieni Mwanga na Ujiji mchana wa siku ya kazi. Njooni na mchoro wa waya ulio kwa Kiswahili, glavu za umeme, na vipuri vidogo vidogo vinavyouzwa kimoja kimoja. Nanyi wa chuo cha ufundi cha VETA Kigoma, mafundi hawa waiteni wakiwa na bisibisi zao.