Mtaalamu wa Nafsi Ugenini: Uhakiki wa Mchezo wa Televisheni "White Ghost"

Wapelelezi wa hadithi ni wa namna mbili. Yuko mpelelezi asomaye vitu, na yuko mpelelezi asikilizaye maneno. Wa kwanza huokota kipande cha sigara, hupima unyayo uliokauka katika udongo, kisha huviunganisha vitu hivyo mpaka vikamtaja mwenye kosa. Wa pili huketi mbele ya mtu, humwacha aseme, na katika kusema kwake, au katika kunyamaza kwake, hupata alichokuwa akikitafuta. Mchezo wa televisheni wa Kiingereza uitwao "Cracker" ni wa namna hii ya pili, na ni vigumu kutaja mwingine unaoupita. Kwa hiyo sehemu yake moja, iliyotengenezwa Hong Kong na kuonyeshwa mwaka 1996 kwa jina la "White Ghost", yaani mzimu mweupe, yastahili kuangaliwa na watu wa lugha. Humo msikilizaji huyu hodari alichukuliwa akapelekwa katika mji ambao lugha yake haisikii.

Mchezo huu ulitungwa na Jimmy McGovern, ukatengenezwa na kampuni ya Granada ya Manchester, na ukaonekana mara ya kwanza Septemba 1993. Mafungu matatu yalifuatana mpaka 1995. "White Ghost" ilikuja baada yake, nayo iliandikwa na Paul Abbott. Na mwaka 2006 McGovern mwenyewe aliandika sehemu ya mwisho. Shujaa wake ni Dakta Edward Fitzgerald, ambaye watu wote humwita Fitz, mtaalamu wa saikolojia aitwaye na polisi kuwasaidia. Aliigizwa na Robbie Coltrane, aliyefariki 2022, na kwa kazi hiyo Coltrane alipewa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora miaka mitatu mfululizo. Fitz ni mnene, mlevi, mvutaji wa sigara, na mcheza kamari ambaye nyumba yake inamvunjikia mikononi. Waswahili husema mganga hajigangi, na methali hiyo yatosha kueleza nusu ya tabia yake. Nusu iliyobaki ni ulimi na sikio.

Chombo cha kazi cha Fitz ni mazungumzo tu. Hachukui vipimo, hana maabara. Huingia katika chumba cha mahojiano, huketi, hutania, hutukana, hukiri aibu zake mwenyewe ili mwenzake naye apate njia ya kukiri zake. Yafaa kuangalia kwamba ustadi huu hautoki katika elimu ya nafsi peke yake. Katika kisa kimoja cha mwaka 1994, kiitwacho "To Be a Somebody", mtu aitwaye Albie Kinsella amuua muuza duka wa Kipakistani baada ya ugomvi wa peni chache. Albie amenyoa kichwa, na kwa kipara hicho adhaniwa kuwa mmoja wa vijana wabaguzi wa rangi. Lakini chuki yake ina asili nyingine. Alikuwako katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989, watazamaji wa mpira walipobanwa hata wakafa, kisha marehemu na walionusurika wakasingiziwa na polisi na magazeti kuwa ndio waliojiletea msiba. Tarakimu anazoziacha Albie ni 9615489. Tarakimu hizo ni hesabu ya waliokufa, 96 kama ilivyohesabiwa wakati huo, ikifuatwa na siku, mwezi na mwaka. (Mtu wa 97 alihesabiwa mwaka 2021.)

Ni nani awezaye kulifumbua fumbo kama hili? Si kila mwenye shahada ya saikolojia. Ni yule aliyeishi katika nchi hiyo mwaka huo, aliyesikia maneno ya barabarani na kusoma magazeti yaliyotukana wafu, ajuaye lafudhi ya Liverpool inasikikaje masikioni mwa mtu wa Manchester, na ajuaye kwamba mfanyakazi mweupe wa mji wa kaskazini alijiona ametupwa na kila upande. Fitz huonekana kama asomaye roho za watu. Kwa kweli asoma jamii ambayo yeye mwenyewe ni mtoto wake, na roho huijia kwa njia hiyo.

Wala McGovern hakuficha hatari ya ustadi huo. Katika kisa cha mwisho cha fungu la kwanza, "One Day a Lemming Will Fly", Fitz amwandama mwalimu mmoja aitwaye Cassidy kuhusu kifo cha mwanafunzi wake mpaka mwalimu akaungama. Kisha Fitz atambua kwamba ungamo lile ni la uongo. Cassidy ataka kuadhibiwa, na Fitz ndiye aliyempa maneno ya kujiadhibia. Polisi, kwa kuwa wananchi wamekasirika na mkosaji anatakiwa, hawataki kulirudisha ungamo walilokwisha kulipata.

Kisa hicho hakikuwa mchezo mtupu kwa Waingereza wa siku zile. Watu wanne wa kesi ya Guildford walikuwa wamefunguliwa 1989 na watu sita wa kesi ya Birmingham 1991, baada ya miaka mingi gerezani, na kesi zote mbili zilisimama sana juu ya maungamo yasiyofaa kuaminiwa. Aidha, mwezi Septemba 1994 Jaji Ognall aliukataa ushahidi katika kesi ya mauaji yaliyotokea Wimbledon Common, London, mwaka 1992. Polisi, kwa msaada wa mtaalamu wa saikolojia, walikuwa wamemtumia askari wa kike aliyejificha ili amvute mtuhumiwa kwa mapenzi ya bandia mpaka aseme. Mtuhumiwa akaachiliwa, na mwaka 2008 mtu mwingine kabisa alikiri kosa hilo mahakamani. Basi swali la mchezo huu ni zito: sikio likikosea, ni nani alipaye?

Sasa yafaa kutazama jinsi swali hilo lilivyosafirishwa. Katika "White Ghost" Fitz yuko Hong Kong kwa safari ya kutoa mihadhara. Mfanyabiashara wa Kichina auawa, naye Fitz atiwa katika upelelezi, na mkuu wa polisi Wise amfuata kutoka Manchester. Mji wenyewe ulikuwa umebakiwa na miezi michache tu ya kuwa chini ya Uingereza, maana ulirudishwa kwa China tarehe 1 Julai 1997. Jina la mchezo latokana na neno ambalo watu wa mji huo humwita mtu mweupe, "gwailo", ambalo sehemu yake ya kwanza ni mzuka na ya pili ni jamaa au bwana. Msomaji wa Kiswahili hawezi kukosa kukumbuka neno mzungu, ambalo mara nyingi huelezwa kuwa latokana na kuzunguka. Mataifa mawili yalimwona mgeni yuleyule: moja likaangalia rangi yake, jingine likaangalia mwendo wake.

Kwa mwanzo huo mtazamaji hutazamia jambo kubwa. Amewekwa mbele yake mtu ambaye chombo chake ni lugha, katika mji ambao lugha yake ni Kikantoni. Atafanya nini? Lakini mtunzi amtafutia njia ya kuponyokea. Muuaji, Dennis Philby, ni Mwingereza, kijana wa biashara aliyefilisika. Kwa hiyo saa ya mwisho ya kukabiliana ifikapo, Fitz amejikuta tena nyumbani: Mwingereza asema na Mwingereza, kwa Kiingereza, juu ya aibu ya Kiingereza. Wachina humwambia Fitz yampasayo kuyajua kwa Kiingereza, na Kikantoni chabaki kama kelele za soko zisikikazo kwa mbali.

Hasara ya kuponyoka huko yaonekana zaidi mtu akiijua kidogo lugha iliyoachwa nyuma. Fitz husikiliza sana kupanda na kushuka kwa sauti. Mtuhumiwa wa Kiingereza apandishapo sauti mwishoni mwa neno, yeye husikia shaka. Aishushapo ghafula, husikia aibu. Katika Kikantoni kupanda na kushuka kwa sauti kuna kazi nyingine kwanza, nayo ni kutenga neno na neno. Wataalamu wengi huhesabu vidatu sita. Neno "gwai" lenyewe kwa kidatu kimoja ni mzuka, na kwa kidatu kingine ni ghali au lenye heshima. Shaka, msisitizo, kejeli na unyenyekevu huonyeshwa kwa sehemu kubwa na vijineno vinavyowekwa mwishoni mwa sentensi, ambavyo lugha hiyo inavyo vingi, na ambavyo mfasiri aghalabu huviacha kwa kuwa havina neno la kuvilipa katika Kiingereza. Maana yake ni kwamba ushahidi ule hasa anaoutafuta Fitz ndio wa kwanza kupotea katika tafsiri.

Liko na jambo la pili, nalo lawahusu moja kwa moja wasemao Kiswahili. Kikantoni kina neno "keoi" lenye maana ya yeye, na neno hilo halitengi mwanamume na mwanamke. Shahidi akisema alimwona "keoi" akitoka, amesema kweli yote aijuayo, hata kama ilikuwa giza na hakutambua alikuwa mwanamume au mwanamke. Mkalimani wa Kiingereza hana budi kuchagua, na akichagua ameongeza jambo ambalo shahidi hakulisema. Kiswahili ni vivyo hivyo: "alitoka" haisemi ni nani aliyetoka kwa upande wa jinsia. Katika Tanzania mashahidi wamezoea kusema Kiswahili mahakamani, na kwa miaka mingi kumbukumbu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Mtu aliyepata kulinganisha maneno yaliyosemwa na maneno yaliyoandikwa hatadhani kwamba hili ni jambo dogo la sarufi. Uhuru wa mtu waweza kuning'inia katika kiambishi kimoja.

Mtetezi wa mchezo aweza kujibu kwamba Uingereza wa muuaji ndio shabaha yenyewe. Philby, atasema, ni mfano wa taifa linaloondoka katika mji lililoutawala tangu karne ya 19: asiyekuwa na mali tena, wala nafasi, wala mahali pa kurudi kwa heshima. Jibu hili lina nguvu, na ndilo lililo zuri katika maandishi ya Abbott. Mzimu ni mtu aliyekwisha kufa lakini hajakubali kuondoka, na jina hilo lamfaa Philby kuliko lilivyomfaa mgeni mwingine yeyote wa mji ule. Hata hivyo jibu lenyewe lathibitisha kasoro. Ikiwa habari ni ya Waingereza kuiaga milki yao, basi Wachina wanauawa katika habari isiyokuwa yao, na mji wa watu zaidi ya milioni sita wageuzwa pazia. Tena Fitz aepushwa na aibu ambayo ingemfundisha kitu, aibu ya mjuzi kuketi mbele ya mtu na kutojua kama aliyoyasikia ni maneno ya mtu huyo au ya mkalimani.

Yafaa kulinganisha na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Katika "Mzimu wa Watu wa Kale", kitabu kilichoshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kupigwa chapa 1960, maiti yaonekana mahali pa mzimu, na hofu ya watu ndiyo inayomficha muuaji. Bwana Msa ameazima kiko chake kwa Sherlock Holmes, lakini hakuazima masikio. Ajua Waunguja husemaje wanapoogopa, na husemaje wanapojifanya kuogopa, na kwa ujuzi huo huchambua mzimu na hila. Abdulla aliichukua namna ya hadithi ya kigeni akaipa lugha ya mahali. Abbott alimchukua mtu wa mahali akampeleka ugenini bila kumdai lugha yoyote. Wamarekani nao walijaribu mwaka 1997 kuuhamishia mchezo huu Los Angeles, wakiwa na Robert Pastorelli mahali pa Coltrane, na haukudumu zaidi ya msimu mmoja.

Hukumu ya haki, basi, ni hii. "White Ghost" ni mchezo uliotengenezwa kwa ustadi, na Coltrane hapungukiwi na kitu ndani yake. Kosa lake ni la wazo. Umeichukulia elimu ya nafsi kama sanduku la msafiri, ambalo hufunguliwa popote na vyombo vikawa vilevile. Visa vya Manchester vilikwisha kuonyesha kinyume chake, kwamba vyombo hivyo vilifuliwa katika lugha moja na katika maisha ya watu fulani, na kwamba hata huko viliweza kumtia hatiani asiye na kosa. Mwandishi atakayetaka kumpeleka mpelelezi wa namna hii ugenini, iwe Hong Kong, Dar es Salaam au Bujumbura, ampe mkalimani, amketishe mkalimani huyo katikati ya chumba ambapo kamera itamwona, na aache mtazamaji asikie ni maneno mangapi yaliyoingia katika kinywa chake na mangapi yaliyotoka.