Ardhi kama Ushahidi: Mandhari na Uchimbaji katika Sanaa ya William Kentridge

William Kentridge alizaliwa mwaka 1955 Johannesburg, jiji ambalo lisingekuwapo lilivyo bila dhahabu iliyogunduliwa Witwatersrand mwaka 1886. Vilima vingi vinavyolizunguka si vilima; ni makapi ya migodi. Katika kazi zake mandhari hiyo si usuli wa matukio bali ni ushahidi wake.

Tofauti hudhihirika analinganishwa na J. H. Pierneef, aliyekuwa pia mchonga chapa za linoliamu. Paneli alizochorea stesheni ya reli ya Johannesburg, zilizokamilika mwaka 1932, huonyesha nchi pana, tulivu, karibu bila watu. Kentridge huijaza nchi hiyohiyo nguzo, vigingi, mabango na mashimo, wala hamwachii mtazamaji mti wa kumfariji.

Kuhusu fani, chapa zake nyingi ni za sindano kavu: bamba la shaba hukwaruzwa moja kwa moja, na kingo za mkwaruzo hushika wino na kutoa mstari wenye ukungu. Kila bamba linapopitishwa katika mashine, kingo hizo husagika, hivyo nakala bora huwa chache. Mazoea ya kutenga fani na maudhui hayafai hapa. Ardhi iliyochimbwa huchorwa kwa kuichimba shaba, nayo shaba ni zao la mgodi.

Ugumu umo katika watu. Katika filamu ya michoro ya mkaa Mine (1991), tajiri Soho Eckstein yu kitandani akinywa kahawa; kisukumio cha birika lake kinashuka, kinatoboa kitanda, kisha mwamba, hadi waliko wachimbaji. Taswira hiyo husifiwa, na inastahili. Hata hivyo Soho ana jina na suti ya mistari. Wachimbaji ni safu za miili. Kutetea kwamba ndivyo mgodi ulivyowahesabu hakutoshi, kwa sababu msanii mwenyewe alionyesha baadaye kuwa njia nyingine ipo. Katika Felix in Exile (1994) yumo Nandi, mwanamke Mwafrika anayeipima ardhi ya East Rand na kuchora maiti zinazomezwa na udongo. Hapo tu ndipo mandhari inapopata shahidi mwenye jina na kazi. Naye hupigwa risasi, na ardhi aliyokuwa akiipima humfunika.