Kinanda Kilichoingia Ubeti wa Tatu

Kinanda hakikuwa na kazi pale. Kila aliyehudhuria fainali ya kwaya za wanaume Jumamosi iliyopita alisikia, hata waliokuwa nje ya ukumbi wakinunua soda. Beti mbili za wimbo wa hiari ziliimbwa bila ala, kwa utulivu wa kusisimua mwili. Ubeti wa tatu kinanda kikaingia na kwaya ikapasuka katikati. Kwaya hiyo ikatoka ya pili, nayo ilikuwa na uwezo wa kuwa ya kwanza. Jina la kwaya halitatajwa hapa, kwa kuwa maseremala, madereva na walimu wa shule wale, wanaofanya mazoezi jioni baada ya kutoka kazini, hawana kosa. Kosa ni la mwalimu wao.

Wimbo wa lazima waliuimba vizuri kuliko kwaya zote za siku hiyo.

Wimbo wa hiari ulianza doh ni G. Besi ya pili ilikaa chini kama msingi wa nyumba, teno ya kwanza ikapanda juu yake bila kukaza shingo, na zile sauti mbili za kati, ambazo ndizo kipimo cha kweli cha kwaya ya wanaume, zilijaza nafasi bila kusukumana. Ubeti wa kwanza ulipokwisha sauti ilikuwa imeshuka kidogo. Wa pili ulipokwisha ilikuwa imeshuka karibu nusu toni, lakini si nusu toni kamili: walikuwa wamekaa mahali fulani kati ya G na F shapu. Ukumbi haukugundua, kwa sababu wote walishuka pamoja.

Kushuka huko hakumshangazi mtu aliyewahi kusimama kwenye mstari wa teno. Waimbaji wakipanda ngazi ya sauti hupiga hatua fupi kuliko inavyotakiwa, na wakishuka huteremka kupita kiasi. Mi ikirudiwarudiwa hulegea, na ti isipovutwa kuelekea doh huning'inia chini ya mahali pake. Pumzi zikipungua na joto la ukumbi likiongezeka, ufunguo wote huteremka polepole. Dawa zake zinajulikana: kuanza nusu toni juu, kuwaonya besi kwenye kila mstari unaoteremka, kufanya mazoezi kwa sauti ndogo ili masikio yafanye kazi kabla ya koo. Kwaya iliyoshuka pamoja bado inaweza kushinda.

Isipokuwa pale inapoletewa ala isiyoshuka.

Kijana wa kinanda alikwishajua. Waliokaa upande wa kushoto walimwona: ubeti wa pili ukielekea ukingoni alibonyeza noti moja kwa sauti ndogo kabisa, akainamisha kichwa karibu na spika, kisha kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kubadilisha ufunguo na kubaki juu yake. Akamtazama mwalimu. Mwalimu akamwitikia kwa kidevu: ingia. Kijana akaondoa kidole kwenye kitufe, akaingia na G ileile ya mwanzo.

Kilichofuata kilichukua mistari miwili tu ya ubeti. Teno ya kwanza, iliyosimama karibu na spika, ilisikia kinanda na kuruka juu kukifuata. Besi ya pili, iliyokuwa upande wa pili wa jukwaa, iliendelea palepale ilipokuwa. Sauti za kati zikagawanyika, nusu huku, nusu kule. Kwa mistari miwili ukumbi ulisikia funguo mbili za wimbo mmoja, na mwalimu akipunga mkono wa kushoto kwenda juu kana kwamba sauti hunyanyuliwa kwa mkono. Walipokutana tena kwenye kiitikio, teno walikuwa wamechoka, na ile la ya juu waliyokuwa wameifikia kwa raha kwenye ubeti wa kwanza sasa waliipiga kelele.

Wapo watakaosema kijana angebonyeza tu kitufe, ashushe kinanda nusu toni, na mambo yangekwisha. Hayangekwisha. Kwaya haikuwa kwenye F shapu. Ilikuwa juu yake kidogo, mahali ambapo kinanda hicho hakina noti. Hata wangekuwa hawajashuka kabisa, bado kungekuwa na ugomvi. Ukigawanya nusu toni ya kinanda katika vipande 100, mi ya kinanda iko juu kwa vipande 14 kuliko mi safi ambayo masikio ya waimbaji huitafuta yenyewe juu ya doh. Ile mi safi ndiyo inayofanya akodi ya wanaume igande na kutoa mlio ambao hakuna aliyeuimba. Kinanda huwalazimisha kuiacha.

Mwalimu anajitetea kwamba hawa ni waimbaji wa ridhaa, wanahitaji kitu cha kuwashika. Hoja hiyo imesikika kwenye kila mashindano kwa miaka mingi, na imeshaharibu kwaya nyingi. Solomon Linda alikuwa mfanyakazi wa kufungasha sahani za santuri katika kampuni ya Gallo alipoingia studio Johannesburg mwaka 1939 na Original Evening Birds na kurekodi wimbo wa "Mbube". Fernando Pavarotti alikuwa mwokaji mikate wa Modena aliposimama jukwaani Llangollen, Wales, mwaka 1955 na kwaya ya Rossini, mwanawe Luciano wa miaka 19 akiwa ndani ya kwaya hiyohiyo, wakaondoka na tuzo ya kwanza ya kwaya za wanaume. Wachimba makaa ya mawe wa mabonde ya Wales walijifunza nyimbo kwa solfa ya John Curwen, solfa ileile ambayo wamisionari waliileta Afrika na ambayo kwaya za Tanzania na Kenya zinaisoma hadi leo. Wote hao ni watu wa ridhaa, na kilichowashika ni masikio yao.

Kweli, rekodi ya "Mbube" ina piano, gitaa na banjo. Asiyeamini aisikilize tena. Ala zile ziko tangu mwanzo, zimejificha nyuma, na mzigo wote umebebwa na besi ambazo Linda alizijaza watu badala ya kumwachia mmoja. Hakuna anayeingia katikati kuja kuwasahihisha waimbaji. Na kama ni ala za kusindikiza, Wabaluba na majirani zao walikwisha kuonyesha njia. Kwaya ya Kamina, Katanga, wavulana 45 na walimu 15 chini ya Padri Guido Haazen, iliizungusha Ulaya misa yao ya "Missa Luba" mwaka 1958 ikiwa na ngoma. Ngoma inashika mwendo bila kudai ufunguo. Kwaya ikishuka robo toni, ngoma hainuni.

Joseph Shabalala wa Afrika Kusini aliijenga kwaya yake isiyotumia ala, Ladysmith Black Mambazo, juu ya besi saba, teno mmoja, alto mmoja na sauti yake ya kuongoza. Hesabu hiyo ndiyo kinanda chake. Besi zikiwa nyingi hivyo, anayeimba juu ana mahali pa kukanyaga, na wote wakishuka, wanashuka na sakafu yao. Kwaya ya Jumamosi ilikuwa na besi nyingi kuliko hizo. Mwalimu alikuwa na sakafu ya saruji, akaenda kukodi zulia.

Majaji nao hawawezi kuachwa. Katika mashindano ya usiku kucha ya isicathamiya, uimbaji wa kwaya za Kizulu, huko Durban, kulikuwa na desturi ya kumchukua jaji mtaani, mtu asiyezijua kwaya, ili asipendelee. Huku kwetu jaji anajulikana wiki mbili kabla, na suti zinazofanana bado zinapewa alama. Safu hii imelisema hilo mara nyingi na italisema tena. Safari hii, hata hivyo, majaji waliadhibu kosa lililostahili adhabu.

Saa mbili usiku, nyuma ya ukumbi, basi la kwaya lilikuwa likipakiwa. Spika ziliingia kwanza, kisha kinanda ndani ya mfuko wake mweusi, kikawekewa koti juu kisikwaruzwe. Wanaume kama kumi, bado wamevaa tai, waliegemea ubavu wa basi, na mzee mmoja wa besi ya pili akaanzisha ubeti wa tatu. Teno wakamfuata, kisha sauti za kati. Waliuimba mpaka mwisho kwenye ufunguo alioutoa mzee, na la ya juu ilikuja laini kama ilivyokuwa mwanzo. Mwalimu alikuwa mbele ya basi, akihesabu waliokwisha kupanda.