Mkutano Usio na Mgeni Rasmi

Siku hizi huna haja ya kuuliza nani kaandaa kongamano. Nembo za wadhamini zimejaa ukutani, mwenyekiti wa kamati kavaa fulana yenye jina lake mgongoni, na mgeni rasmi anangojwa tangu saa tatu hadi saa sita huku wajumbe wakiulizana habari za posho. Kongamano likiisha, kinachobaki ni picha. Tumefika mahali ambapo hatukumbuki tena kwamba kukusanya watu ni ufundi, na ufundi huo una mafundi wake.

Ninaotaka kuwasifu hawana majina. Ni walevi walioacha pombe, watu wa ushirika wa Alcoholics Anonymous, ulioanzia Akron, Ohio, mwaka 1935. Kila baada ya miaka mitano huitana kutoka pembe zote za dunia. Mara ya kwanza ilikuwa Cleveland, mwaka 1950. Pale Dkt. Bob, mmoja wa waasisi wawili, alisimama akiwa na saratani, akawasihi wenzake kwa maneno machache wasilitie jambo lao makuu. Novemba ya mwaka huohuo akafariki. Kwetu, muda aliozungumza yeye hautoshi hata kutambulisha meza kuu.

Mkutano wa Atlanta, mwaka 2015, ulikusanya watu zaidi ya 50,000, na fedha ya mtu wa nje haikutakiwa. Ndiyo desturi yao: wanajigharimia. Wenyeji wa mji hujitolea kwa maelfu kupokea wageni na kuwaelekeza njia, na hakuna anayepigiwa makofi kwa hilo.

Kwenye mikutano hiyo kuna chumba kimoja ninachokihusudu kuliko uwanja mzima wa mkutano. Kina viti vya kawaida tu, na vikao ndani yake havikatiki usiku kucha. Aliyekiweka kwenye ratiba alijua jambo ambalo mwandaaji wa kulipwa hatalijua: kiu ya mlevi haina saa. Inamjia mtu saa tisa usiku, yuko peke yake hotelini, mji wa ugenini, na baa iko ghorofa ya chini. Basi mtu huyo avae viatu, avuke barabara, akute mlango u wazi na mwenzake anasimulia yaliyomsibu. Jambo dogo hilo. Lakini lazima mtu alifikirie mapema, amtafute wa kushika zamu ya saa tisa, na wa kumpokea alfajiri. Hapo ndipo ninapomvulia fundi kofia.

Na kofia yenyewe wanayo. Wazee walioacha pombe miaka 50 na zaidi hutumbukiza majina yao humo. Jina likichomoka, mwenyewe anapanda jukwaani kwa dakika chache. Lisipochomoka, anakaa alipokuwa amekaa. Hapana kupanga nani mkubwa, hapana barua ya kuomba nafasi. Kwenye mikusanyiko yao pia huhesabu miaka kurudi nyuma, watu wakisimama mafungu kwa mafungu, hadi wanafika kwa aliyeacha jana. Huyo wa jana ndiye anayeshangiliwa kuliko wote. Ukiniuliza mgeni rasmi ni nani, nitakuonyesha yeye.

Hata kwetu mbegu ipo. Ndugu zao wa Narcotics Anonymous wana vikao Zanzibar na Mombasa, vijana waliotoka kwenye unga wakikaa duara na kuitana kwa jina la kwanza tu. Wakiwa wachache hutulia. Tatizo huanza pale sisi wengine tunapowaandalia shughuli kubwa. Kila tarehe 26 Juni, siku ya kupiga vita dawa za kulevya, tunawavisha fulana, tunawapanga mbele ya mahema, na sura ya kijana ambaye hajamaliza hata mwezi bila unga inazunguka kwenye simu kabla ya chakula cha mchana. Akirudia, mtaa mzima una ushahidi. Huo ni uzembe, tena uzembe wa watu wenye bajeti.

Wanakamati, mkiombwa kuwasaidia watu hawa kukutana, acheni kamera getini. Fedha za mabango walipieni nauli za watakaokesha zamu. Na mheshimiwa akifika, mpeni kiti cha nyuma asikilize.